Aliyeshikwa Mkono Ana Deni Gani?



Jumapili moja baada ya ibada tuliketi chini ya mwembe ulio kando ya kanisa, tukawasikiliza vijana wakibishana. Habari yenyewe ilimhusu mtu mmoja aliyezaliwa huku kwetu vilimani, akaenda mjini, akafanikiwa, na sasa harudi nyumbani hata kwa mazishi. Kijana mmoja akasema, "Huyo hana shukrani." Mwenzake akamjibu, "Hana deni kwa mtu yeyote. Jasho lake, mali yake." Kisha wakatugeukia: "Mwalimu, ninyi wazee mnasemaje?"

Tuliwajibu neno la kupisha tu, tukaondoka kwenda kula. Lakini swali lile halikuondoka. Je, mtu aliyeinuliwa na wengine ana deni? Kama analo, ni deni gani, na alilipe kwa nani? Twaomba ruhusa ya kulijibu leo, tukiwa tumechelewa kidogo.

Tutaanza na habari za mchezaji mmoja wa mpira wa kikapu. Huenda msomaji akashangaa, maana huku Kibondo twaujua zaidi mpira wa miguu, na binti zetu wanaujua mpira wa pete. Hata hivyo mpira wa kikapu si mgeni kabisa. Sisi Watanzania tunaye Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, ambaye mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kati ya vijana wote waliokuwa wakiingia katika ligi ya kulipwa ya Marekani, ile iitwayo NBA. Lakini leo twataka kumtazama jirani yetu wa Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Jirani huyo ni Luol Deng.

Tumemchagua kwa sababu alikuwa mtoto wa wakimbizi, na sisi wa Kibondo na Kasulu hatuhitaji kuelezwa mkimbizi ni nani. Tuliwaona Warundi mwaka 1993 wakishuka na magodoro vichwani. Tuliwaona Wakongo wakifika Nyarugusu mwaka 1996. Mwaka 2015 tuliiona Nduta ikijaa tena. Tumeuziana nao maharage na mihogo, tumegombana nao kuhusu kuni, na tumezikana. Kwa hiyo habari ya mtoto aliyekulia ugenini tutaielewa.

Luol Deng alizaliwa katika mji wa Wau tarehe 16 Aprili 1985. Baba yake, Aldo Deng, alikuwa mbunge na mtu wa serikali. Wakati huo vita vya kusini mwa Sudan vilikuwa vimekwisha kuanza tangu mwaka 1983, na jamaa ile ililazimika kukimbilia Misri. Huko watoto walikaa miaka kadhaa wakingoja nchi itakayowapokea.

Ndipo walipokutana na Manute Bol. Huyu alikuwa Mdinka mwenzao, mwenye kimo cha sentimita 231, aliyeingia katika ligi ya Marekani mwaka 1985 na kucheza humo miaka kumi hivi. Alipokuwa Misri hakujificha hotelini. Aliwafundisha vijana wa Kisudani kuushika mpira na kuurusha. Miongoni mwao alikuwamo Ajou, kaka yake Luol, na Luol mwenyewe, aliyekuwa bado mtoto mdogo.

Baadaye Uingereza ikawapokea, wakakaa London. Huko mtoto alimpata mwalimu mwingine, Jimmy Rogers, kocha wa klabu ya Brixton Topcats, aliyelea vijana wengi wa mitaa ya watu wa kipato cha chini. Alipokuwa na miaka 14 alipelekwa Marekani kusoma katika shule ya Blair Academy, kisha Chuo Kikuu cha Duke. Mwaka 2004 alichaguliwa wa saba kuingia NBA, akapelekwa Chicago, na kwa jumla alicheza misimu 15. Mara mbili, mwaka 2012 na 2013, alihesabiwa miongoni mwa nyota wa ligi. Alipata uraia wa Uingereza mwaka 2006, akaichezea nchi hiyo katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Tena alipewa tuzo ya mchezo wa kiungwana mwaka 2007, na tuzo ya huduma kwa jamii mwaka 2014. Mwaka 2019 alistaafu.

Wengi wakifika hapo hujenga nyumba kubwa, wakalala. Hatuwalaumu, maana misimu 15 huchosha mwili. Lakini Deng, mara baada ya kustaafu, alichukua uongozi wa Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Sudan Kusini. Tufikiri alipokea nini. Nchi ilikuwa changa, imetoka katika vita vingine vya ndani, wala haikuwa na hata ukumbi mmoja wa ndani wa kuchezea mchezo ule. Wachezaji walikuwa wametawanyika duniani kama mbegu zilizomwagika njiani, kwa kuwa wazazi wao walikimbia kila mmoja upande wake: Misri, Kenya, Uganda, Australia, Marekani. Deng akaanza kuwatafuta mmoja mmoja. Hapo mwanzo alikaa yeye mwenyewe katika kiti cha kocha, na pale fedha ilipokosekana alitoa mfukoni mwake.

Matunda yalionekana upesi kuliko watu walivyotazamia. Mwaka 2021, katika mashindano ya Afrika huko Kigali, timu ile ilifika robo fainali kwa mara yake ya kwanza kushiriki. Mwaka 2023 ilikwenda Kombe la Dunia, ikawa ya kwanza miongoni mwa timu za Afrika, na hivyo ikapata nafasi ya Olimpiki ya Paris. Tarehe 20 Julai 2024, katika mchezo wa kujipima nguvu uliofanyika London, mji uleule uliompokea Deng akiwa mtoto, walikaribia kuwashinda Wamarekani wenyewe. Walishindwa kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, na hiyo ilipatikana katika sekunde za mwisho.

Siku nane baadaye, kwenye mchezo wao wa kwanza wa Olimpiki, ulipigwa wimbo wa taifa usio wao. Ulikuwa wa Sudan, nchi waliyoachana nayo baada ya vita vya miaka mingi. Vijana walisimama wakangoja mpaka kosa lisahihishwe, wakauimba wimbo wao, kisha wakacheza na kuishinda Puerto Rico 90 kwa 79. Katika kikosi kile alikuwamo Khaman Maluach, kijana wa miaka 17 aliyezaliwa Rumbek na kukulia Uganda. Mwaka 2025 huyo naye alichaguliwa wa kumi kuingia NBA.

Basi tunao watu watatu mfululizo: Bol, Deng, Maluach. Mmoja alimfundisha mwenziwe, naye akamwandalia mwingine mahali pa kusimama. Sasa turudi chini ya mwembe.

Yule kijana alisema, "Jasho lake, mali yake." Neno hili lina ukweli ndani yake, wala wazee tusilidharau. Manute Bol hakukimbia uwanjani badala ya Deng. Jimmy Rogers hakuamka alfajiri kwa niaba yake. Misimu 15 ni jasho la Deng mwenyewe. Tukiwaambia vijana kwamba juhudi zao si zao, tutawakatisha tamaa, nao watakuwa na haki ya kutokutusikiliza.

Lakini hebu tutazame upande wa pili. Kimo chake hakujipa. Hakuchagua kuzaliwa katika nyumba ambayo baba aliweza kuwavusha wanawe mpaka Misri, ilhali watoto wengine wa Wau hawakuvuka. Hakupanga kwamba mtu wa sentimita 231, anayejua mchezo na anayesema lugha ya mama yake, awepo Misri wakati uleule. Juhudi na bahati vimechanganyika kama unga na maji ndani ya ugali. Ukishausonga, nani awezaye kututengea unga huku na maji kule? Hata sisi tuliosoma mpaka chuo cha ualimu, tukajiona werevu, twamkumbuka mtu fulani aliyetulipia nauli au kutupa kalamu. Watoto wenye akili kama zetu, au kutupita, walibaki wakichunga mbuzi kwa kukosa vitu hivyo hivyo.

Kwa hiyo twasema deni lipo. Sasa swali gumu zaidi: alilipe kwa nani?

Deni la sokoni ni rahisi. Ukikopa debe la maharage, utalirudisha kwa mwenye debe. Lakini Manute Bol alifariki tarehe 19 Juni 2010, miaka tisa kabla Deng hajastaafu. Kama deni la wema lingekuwa kama deni la maharage, basi siku ile Deng angekuwa huru. Mwenye mali amekufa, hati imechanika. Hata Bol angeishi, Deng angemrudishia nini? Amfundishe kurusha mpira?

Twadhani jibu liko nyumbani mwetu, na mama zetu wanalijua bila kwenda chuo. Mtoto aliyebebwa mgongoni hawezi kumbeba mama yake mgongoni vivyo hivyo. Atamtunza uzeeni, ndiyo, na ole wake asipomtunza. Lakini ule mgongo wenyewe, zile safari za kwenda shamba na kurudi juani, ataurudisha kwa kumbeba mwanawe. Deni hili hulipwa kwa anayekuja nyuma, ambaye hakukukopesha kitu, wala hajui kama unadaiwa. Wahenga waliposema tenda wema nenda zako, nadhani walijua kwamba wema ule nao utakwenda zake, ukafike kwa mtu ambaye mtendaji hatamwona.

Tena tuulize: alipe nini? Wengi watasema fedha. Hapa habari ya Bol yafundisha. Yeye alitoa fedha nyingi kwa ajili ya watu wake wa kusini, hata baadaye akaishi kwa shida. Mwaka 2002 alikubali kupigana ngumi mbele ya televisheni, mtu mzima mwenye viungo vinavyouma, ili apate chochote cha kuwasaidia watoto wakimbizi wa Sudan. Wapo waliomcheka. Sisi hatumcheki. Lakini tukitazama leo, fedha ile ililiwa na vita na njaa, ikaisha kama fedha zote. Jioni zile za Misri hazijaisha. Muda aliokaa na watoto uwanjani, akawaonyesha mkono ukaeje na mguu ukaeje, ungali unazaa mpaka sasa, kwa vijana ambao hawakuwahi kumwona.

Hapa twasikia msomaji mwerevu akituuliza: "Je, mwalimu, huko si kuwadanganya watoto? Katika maelfu, mmoja atafika Marekani. Wengine watabaki na mpira uliotoboka na darasa walilolikosa." Swali hili ni la haki, nasi twakiri kwamba limetusumbua kuliko mengine yote. Ukimlea mtoto kwa sababu wamwona ni mrefu, hujamlea yeye, umelea urefu wake. Siku goti likivunjika utamwacha. Wapo watu duniani wanaozunguka Afrika wakitafuta watoto warefu kama wengine wanavyotafuta mbao za mninga. Huo si ulezi, ni biashara.

Basi alama ya ulezi wa kweli ni ipi? Tutaieleza kwa kosa letu wenyewe, maana hatuna la mtu mwingine tunalolijua vizuri kama hilo.

Tulipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya wilaya hii, tulipewa kazi ya michezo. Tulisimamisha nguzo mbili, tukafunga juu yake ringi za baiskeli zilizong'olewa spoku, tukaanza kufundisha mpira wa kikapu. Mpira ulikuwa mmoja. Mashindano ya shule yalikuwa karibu, nasi tulitaka sana kushinda, ili jina letu lisemwe. Tukawapanga watoto mstari, tukachagua warefu kumi. Kulikuwa na mvulana mmoja mfupi, mwembamba, aliyekuja kila jioni. Alisimama pembeni, mpira ukitoka nje alikimbia kuuleta. Siku moja akaomba ajaribu. Tulimwambia mbele ya wenziwe, "Huu mchezo si wako, mwanangu. Nenda kateke maji." Watoto wakacheka. Tulishindwa mashindano, na yule mvulana tukamsahau.

Miaka zaidi ya ishirini ikapita. Baiskeli yetu ikaharibika mnyororo karibu na soko, tukaisukuma mpaka kwa fundi aliyeketi chini ya kibanda cha mabati. Fundi akainuka, akafuta mikono. "Shikamoo, mwalimu." Hatukumtambua. Akacheka, akasema, "Mimi ndiye yule wa kuokota mipira." Moyo wetu ukashtuka, tukaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Yeye akatuzuia. Akasema hakumbuki sana siku ile. Anachokumbuka ni mzee mlinzi wa shule, ambaye jioni, walimu wakisha kwenda makwao, alikuwa akimfungulia stoo na kumpa mpira arushe mpaka giza liingie. Mzee yule hakujua mchezo hata kidogo. Aliketi juu ya jiwe akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Alipokosa alisema, "Haya, tena."

Wakati akizungumza, kando yake alikuwapo mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, ameshika spana. Tukauliza kama ni mwanawe. Akasema hapana, ni yatima wa jirani, alikuja kutazama akabaki. Mtoto akakaza nati, ikateleza. Fundi hakumnyang'anya spana. Akamwambia, "Haya, tena."

Tulilipa, tukapanda baiskeli, tukaenda. Njiani tuliona aibu, na aibu ile haijatutoka hadi leo. Sisi tuliokuwa na cheti cha ualimu tulichagua warefu. Mlinzi asiye na cheti alimlea mtoto. Yule fundi hakufika Marekani, hakufika hata Dodoma. Lakini alichopewa jioni zile amempa mwingine, sawasawa na Deng. Tofauti ni kwamba habari zake hazikuandikwa gazetini, mpaka leo.

Kwa hiyo jibu letu kwa vijana wa chini ya mwembe ni hili. Ndiyo, aliyeinuliwa ana deni, hata kama ametoka jasho. Mwenye kipaji kikubwa ana deni kubwa zaidi, kwa kuwa amepokea zaidi, kama tujifunzavyo katika mfano wa talanta. Lakini deni halimngoji tajiri wa mjini peke yake. Tukimnyooshea yeye kidole, tujihesabu na sisi. Kila aliyefundishwa kusoma, kushona, kupanda kahawa, kutengeneza pampu, alishikwa mkono na mtu. Wala asiyejua mchezo asiseme hana la kufundisha. Yule mzee alijua kuhesabu tu.

Tena tusichague warefu tu. Tukifanya hivyo tutakuwa tunakopesha kwa faida, na mtoto atajua.

Tumestaafu sasa, na magoti yetu hayafai kwa mpira. Lakini tangu mwezi uliopita, kila Jumamosi saa kumi jioni, tunaketi kwenye benchi la nyuma ya kanisa na watoto wanne ambao wamefika darasa la tano bila kujua kusoma sawasawa. Mmoja wao anatoka jamaa iliyokuja na wakimbizi. Wote wanne ni wafupi. Mmoja ni mtundu mno, hatujui kama atafika mwisho wa kitabu. Tunasoma mstari mmoja, akikosea tunasema lile neno la mzee mlinzi.

Benchi lile ni refu, lina nafasi ya walimu wengine wawili au watatu. Chaki tunayo. Msomaji aliye na Jumamosi yake na aje.